Mwenye Mzigo Ndiye Afunguaye

Pale ofisi ya forodha walimwita Bi Kifungu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kila kitu kinachovuka mpaka kina kifungu chake katika kitabu cha ushuru: punda ana chake, kijiko kina chake, nywele za bandia zina chake, na jeneza nalo halikusahauliwa. Kazi yake ilikuwa kusoma tamko la mwenye mzigo, kuutazama mzigo wenyewe, kisha kusema kama viwili hivyo vinajuana. Kazi hiyo ilimharibu. Ukimkaribisha harusini, badala ya kumtazama bibi harusi anatazama kiti alichokalia, kisha anakunong'oneza kama ni cha mbao au ni cha chuma kilichotiwa sponji. Wifi yake aliapa kutomwalika tena siku alipotangaza kwamba pazia la ukumbini ni la nyuzi za bandia, na fundi aliyeliuza kama hariri amekaa meza ya jirani.

Wenzake walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Kitu walichoshindwa kukielewa ni kwa nini mtu hodari namna ile hakutaka cheo. Kila alipoitwa makao makuu alipata udhuru: mara baba mgonjwa, mara nyumba haijaezekwa. Sababu ya kweli ilikuwa mtu mmoja, ambaye mizigo yake ilipitia kituo hiki na si kingine. Bi Kifungu alikuwa anamngoja. Watu husema subira huvuta heri, lakini subira ya huyu mama haikuwa ya kungoja heri hata kidogo.

Mtu huyo waliokuwa wafanyakazi wake walimwita Kitambaa. Zamani alikuwa na kiwanda cha mabati ya saruji, yale mazito ya kijivu yenye migongo, ambayo yaliezeka nusu ya nyumba za mji. Saruji peke yake haiwezi kuwa bati, huvunjika. Kinachoishika ni asbesto, jiwe ambalo ukilisaga haliwi unga bali linakuwa nyuzi laini kama pamba. Lilikuja kwa meli ndani ya magunia, kutoka nchi zinazolichimba. Baba yake Bi Kifungu ndiye aliyekuwa akiyapasua magunia hayo kwa kisu na kuyamimina kwenye mashine ya kuchanganyia. Jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu.

Mama alimpokea mlangoni, akamvua ovaroli kama anavyovuliwa mtoto aliyechezea matope, akaenda nayo uani. Kwanza aliikung'uta. Kisha aliipiga ukutani, mara ya kulia, mara ya kushoto, mpaka ukuta ule ukawa na doa jeupe lisilotoka. Ndipo aliiloweka. Bi Kifungu, wakati huo binti mdogo, alipenda kusimama hapo kwa sababu vumbi lile lilimeta juani, na likishatua kwenye benchi aliweza kuchora nyumba kwa kidole. Mama alifua nguo hizo maisha yake yote ya ndoa na aliona fahari, maana mume mwenye nguo chafu ni mume mwenye kazi.

Sasa kuhusu hilo jina. Mwenye kiwanda kila alipoingia pale penye magunia alikuwa amebana kitambaa cheupe puani, kimekunjwa mara mbili, na hakukiondoa mpaka atoke. Wafanyakazi waliumia. Walidhani wananuka. "Jasho letu linamlisha, halafu pua yake inalikataa," baba alisema, kisha akachukua ncha ya mtandio wa mama, akaibana puani, akatembea sebuleni kwa madaha, kidole kidogo juu. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Ulikuwa ndio mchezo wa nyumba ile, wageni wakija, watoto wanasema, "Baba, fanya Kitambaa." Kiwanda kizima kilimwona bwana wao akiziba pua, na kiwanda kizima kikadhani ni majivuno.

Aliyeugua ni mama. Hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii, kwamba baba aliyepasua magunia alibaki na kikohozi tu, na mama ambaye hakuwahi kulikanyaga geti la kiwanda akaanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi ya mlangoni kwake. Alikonda, maji yakamjaa kifuani, wakayatoa, yakarudi. Daktari alitazama picha za mapafu akauliza, "Mama alifanya kazi wapi?" Baba akajibu kwamba mkewe hajawahi kuajiriwa, ni yeye anayefanya kazi kwenye mabati. Daktari akaiweka picha mezani. "Nguo zako za kazi anafua nani?"

Baba hakuinuka kutoka kwenye swali hilo.

Msibani Kitambaa alikuja. Lazima tumpe haki yake, alikuja, na siku hiyo hakuziba pua. Alikaa karibu na baba akamshika mkono. "Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Hatukujua. Sisi sote hatukujua. Nani angejua vumbi lina mauti?" Na baba, jamani, akamshukuru. Akamsindikiza mpaka kwenye gari lake. Binti aliyaona hayo akiwa na sinia la vikombe mkononi, na wakati ule aliamini kila neno.

Toka hapo baba hakumruhusu mtu kugusa nguo zake. Alifua mwenyewe, hata shati la kuvaa Jumapili, hata kiwanda kilipokwisha kufungwa na hana tena vumbi la kumletea mtu. Shangazi mtu akija kusaidia anamnyang'anya beseni. "Mimi ndiye niliyemuua kwa nguo zangu," alisema, si kwa kulia, kama mtu anayekutajia kabila lake. Ukimwambia hakujua, anajibu, "Ndiyo. Hakuna aliyejua. Kwa hiyo nimlaumu nani zaidi yangu?"

Binti akakua, akafaulu, akaenda chuo cha forodha. Siku moja mkufunzi wao, mzee mmoja mpenda mizaha, alileta chupa ya asbesto ghafi ili wanafunzi waione kwa macho. Chupa ilikuwa na kizibo, na kizibo kilikuwa na nta. Lakini kabla ya kuishika, mkufunzi alichomoa kitambaa mfukoni, akakikunja mara mbili, akakibana puani. Darasa likaangua kicheko. "Mazoea," akasema mkufunzi naye akicheka. "Nimefanya kazi na wauzaji wa hiki kitu tangu ujana wangu. Hakuna muuzaji asiyejua. Wote huziba pua, kisha husaini mkataba."

Yule binti hakucheka. Aliona sebule yao, mtandio wa mama, kidole kidogo juu. Basi Kitambaa alijua. Alijua siku zote, akaingia kiwandani akiiokoa pua yake peke yake, na sisi tukamgeuza kichekesho. Binti alitoka nje akashika ukuta wa korido, na chuki aliyoishika siku ile hakuiweka chini tena.

Alichagua uainishaji, yaani kuipa kila bidhaa kifungu chake, kazi ambayo wenzake waliikimbia kwa sababu haina safari wala sifa. Alijifunza fungu la mawe na fungu la saruji kama wengine wanavyojifunza sala. Asbesto ghafi iko ishirini na tano ishirini na nne. Ile ya buluu, iliyo mbaya kuliko zote, ina namba yake, na nyinginezo zote zimetupwa pamoja kwenye namba ya "mengineyo", kama vile mauti nayo yana mabaki. Mataifa hukutana kila baada ya muda kujadili kama ile nyeupe, inayouzwa mpaka leo, nayo iwekwe kwenye orodha ya hatari, ili nchi inayouziwa ipewe taarifa kwanza. Wanakunywa chai, wale wenye machimbo wanatikisa kichwa, mkutano unaahirishwa. Mabati ya saruji yako sitini na nane kumi na moja. Yakiwa na asbesto mwisho wake ni arobaini. Yasipokuwa nayo, bati la migongo mwisho wake ni themanini na moja. Kwa macho bati ni lile lile. Na kwa sheria ya nchi, themanini na moja inaingia, arobaini hairuhusiwi kabisa.

Kitambaa, sheria ilipomfungia kiwanda, hakulala njaa. Aligeuka mwagizaji. Alileta mabati yaliyokwisha kutengenezwa huko huko kwenye machimbo, na kila tamko lake lilisema themanini na moja. Bi Kifungu alilichukua kila moja mezani kwake. Alichukua sampuli kama taratibu zinavyotaka, akazipeleka maabara, na majibu yakarudi: safi. Akachukua tena. Safi. Kitambaa akapeleka malalamiko kwamba kuna afisa anamwonea, na mkuu wa kituo, mwanamume mnene mwenye kupenda amani, akamwita Bi Kifungu akamwomba kwa upole awe na kiasi.

Aliyemfumbua macho ni dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye chupa ya chai iliyofungwa kwa waya kwenye usukani. "Dada," alimwambia siku moja wakingoja geti lifunguliwe, "nyinyi mnaonja mchuzi wa juu. Nyama iko chini."

"Una maana gani?"

"Kontena za huyu mzee, paleti zinazobeba mabati ya mlangoni ni mbao mpya. Za ndani kuukuu, zimepigwa misumari ya namna nyingine. Mzigo wa kiwanda kimoja unakuwaje na paleti za marika mawili? Lakini mimi naendesha tu."

Siku za mwizi ni arobaini, na sasa unaona kwamba hata kifungu chake kiliishia hapo hapo. Kontena iliyofuata ilipofika, Bi Kifungu aliandika kwamba itolewe yote, mpaka ukuta wa nyuma uonekane, na mzigo ukaguliwe mbele ya mwenyewe.

Mkuu wa kituo alimfuata dirishani. "Bi Kifungu, mzigo huu una watu."

"Kila mzigo una watu, mkuu."

"Si umwite wakala wake? Wakala yupo, watu wake wapo, wafungue, uchukue sampuli yako, tumalize."

"Taratibu zinasema mwenye mzigo ndiye afunguaye, au wakala wake kama afisa ameridhika. Mimi sijaridhika." Alisema hivyo akiwa anafuta miwani yake, wala hakuinua macho.

Hapa nieleze kitu kimoja, ili usije ukadhani huyu mama alikuwa anatafuta haki. Haki ilikuwa rahisi. Angelowanisha bati moja la nyuma, angelikata kipande kwa koleo, angekifunga kwenye mfuko na kukipeleka maabara, na cheti kingetosha kumtia Kitambaa hasara. Lakini cheti hakisemi kwamba mtu alijua. Kitambaa angekaa mbele ya maafisa, angeshika mkono wa mtu, angesema, "Hatukujua, muuzaji katudanganya," na ingekuwa msibani tena. Bi Kifungu alitaka neno moja kutoka kinywa kile, mbele ya mashahidi, akampelekee baba yake. Alitaka Kitambaa aseme alijua. Na kama njia ya kumfanya aseme ingemuumiza, hiyo kwake ilikuwa faida ya juu.

Siku ya ukaguzi jua lilikuwa kali na yadi kavu. Kitambaa alishuka garini amezeeka, shingo nyembamba ndani ya kola pana, lakini anatembea bado kama mwenye geti. Nyuma yake alikuja mwanawe. Bi Kifungu hakumtarajia. Alikuwa mwanamume wa makamo kidogo, mikono ya shati imekunjwa, akiwapa mkono wapagazi mmoja mmoja na kuwauliza hali kama anayetaka kujibiwa. Kampuni sasa ilikuwa kwa jina lake, na sahihi kwenye tamko ilikuwa yake, ingawa Bi Kifungu alidhani ni pazia la baba tu.

"Mimi ndiye mwenye mzigo," alimwambia Bi Kifungu. "Samahani kwa usumbufu. Tumalize hili, maana nasikia tumekuchosha. Mabati haya ni safi, mama. Nimeezeka nayo hata kwangu."

Alisema kweli kama aijuavyo. Bi Kifungu, ambaye kazi yake ilikuwa kutambua tamko la uongo, alitambua mara moja kwamba la huyu halikuwa la uongo. Alimtazama, kisha akamtazama baba yake aliyesimama kivulini, na mpango wake ukabadilika hapo hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi na aujue.

Lakiri ilikatwa, milango ikafunguliwa. Dereva wa foklifti alitoa paleti za mbele, mbao mpya, akazipanga pembeni. Akaingia ndani zaidi. Paleti za mbao kuukuu zikaanza kutoka, na hapo Bi Kifungu akatoa barakoa kwenye mfuko aliokuja nao, si ya kitambaa, ile nene yenye kichungi, akaivaa taratibu, akaikaza nyuma ya kichwa. Akampa mpagazi wa kwanza moja, wa pili moja, akamrushia dereva wa foklifti yake. Akampa mkuu wa kituo. Mkuu akaipokea na kuigeuza mkononi haelewi, kisha akaivaa kwa sababu kila mtu amevaa. Mfuko ulibaki na barakoa mbili. Bi Kifungu aliukunja akauweka chini ya mkono.

"Bati moja la nyuma lishushwe," akasema.

Likashushwa, likalazwa juu ya matofali mawili. Pembeni palikuwa na ndoo ya maji, kwa maana bati la namna hiyo halivunjwi mpaka lilowe, ili vumbi lisiruke; ndiyo kanuni, na Bi Kifungu alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye ukuta wa ghala. Mpagazi mmoja akainama kuichukua.

"Tulimwagie kwanza, mama?"

"Ngoja."

Alichukua nyundo akamkabidhi mwana wa Kitambaa, mpini mbele, kwa heshima zote. "Mwenye mzigo ndiye afunguaye. Nahitaji kipande cha kati. Piga katikati, inama karibu ili kisipotee."

Yule bwana akaipokea nyundo. Akapiga goti moja chini kama fundi, akapuliza uso wa bati kuondoa mchanga, akapima kwa jicho. Alikuwa na pua wazi na kinywa wazi. Huyu mama alijua anachofanya. Alijua kwamba pigo moja si lazima liue, na alijua pia kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia halitaua, na alisimama kando ya ndoo ya maji bila kuinua mkono. Alikuwa anatazama kivulini.

Kitambaa alikuwa amekwisha kuchomoa kitambaa chake. Mkono ulikipeleka puani wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukafika nusu ya njia. Nyundo ikainuka.

"Acha," akasema mzee.

Mwanawe hakusikia vizuri. "Baba?"

"Acha, mwanangu. Usivunje. Weka chini." Na mzee yule ambaye hakuna mpagazi aliyewahi kumwona akiharakisha, akaja mbio juani, viatu vikiteleza kwenye changarawe, akapiga magoti mbele ya mwanawe na kumbana kile kitambaa puani, kwa mikono miwili, kwa nguvu, mpaka yule bwana akakosa pumzi na kutaka kujinasua.

Dereva alizima mashine.

"Si ulisema ni safi?" mwana aliuliza, kitambaa kikiwa bado kimemziba, sauti inatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Bi Kifungu akasogea.

"Kuna nini ndani, mzee?"

"Unajua kilichomo."

"Mimi sijui. Mimi nangoja maabara. Nakuuliza wewe."

Kitambaa alimtazama mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo akatazama viatu vyake. "Ina asbesto," akasema.

"Unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Mama, inatosha," akasema mkuu wa kituo.

"Haijatosha. Tangu lini, mzee? Tangu kiwanda kilipofungwa?"

Mikono ya mzee ilikuwa ingali usoni mwa mwanawe. Kila mtu pale alikuwa na kitu puani, na yeye peke yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa hana. "Tangu kilipofunguliwa," akasema. "Waliotuuzia walituambia siku ya kwanza."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwana wa Kitambaa aliishika mikono ya baba yake akaiondoa usoni mwake, kidole baada ya kidole. "Na wale wazee?" akauliza. "Wale wa magunia, waliokuwa wakinibeba mabegani nikija kiwandani?" Mwana akainuka, akajipangusa magoti, akaondoka kwa miguu kuelekea getini, wala hakulitazama gari.

Ndipo Bi Kifungu akachukua ndoo akalimwagia bati maji, akakata kipande chake kwa koleo, akakifunga, akasaini. Ukiniuliza kama alimwonea huruma yule mwana, nitakwambia ndiyo, baadaye, na hakulala vizuri kwa ajili yake. Ukiniuliza kama angerudia, nitakwambia angerudia kesho asubuhi.

Mambo ya ofisi yalikwenda kama yanavyokwenda. Kontena ilifungwa kwa lakiri nyekundu, ikaamriwa irudi ilikotoka kwa gharama ya aliyeileta, na kesi ikapelekwa mbele. Mkuu wa kituo, mpenda amani, alianza kuwasimulia watu jinsi alivyokuwa akimshuku yule mzee tangu zamani.

Kitambaa alimngoja Bi Kifungu kwenye mabomba ya kunawia, nyuma ya jengo. Alikuwa peke yake. Jasho lilimtiririka usoni na hakuwa na kitu cha kulifutia.

"Wewe binti," akasema, "hii si kazi tu. Nimeona watu wa kazi. Wewe una jambo na mimi. Ni mtoto wa nani?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa ameliandaa tangu ile korido ya chuoni: jina la mama, jina la baba, ile nyumba, ule ukuta wenye doa, vikombe kwenye sinia. Alikuwa amelirudia akipiga pasi, akipanga foleni, akisali na akiota. Akamtazama mzee akaona kwamba hakumbuki. Kisha akaona kingine, kwamba anatafuta. Macho yalikuwa yanaenda huku na huku, yanapita uso mmoja hadi mwingine huko nyuma, wapasua magunia, wake zao, misiba aliyohudhuria na ambayo hakuhudhuria. Akimtajia jina, atakuwa amempunguzia mzigo, atakuwa na deni moja tu.

"Tuko wengi, mzee," akasema, akafunga bomba. "Anza popote."

"Niambie jina tu."

Alijipangusa mikono kwa sketi, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta baba uani ameinamia beseni, analifua shati lake la kijani, yale mafundo ya vidole yanashindwa kukamua kola. Alivuta kigoda akakaa. Alimsimulia tangu mwanzo, paleti, barakoa, nyundo, na alipofika kwenye kile kitambaa baba aliacha kufua.

"Alimziba mwanawe?"

"Kwa mikono miwili."

"Akasema alijua?"

"Akasema alijua tangu siku walipofungua. Watu wote wamesikia."

Povu lilimkaukia baba mikononi. Alikuwa anatazama ule ukuta. "Sisi tulimcheka," akasema hatimaye. "Mama yako alicheka kuliko wote." Kisha akauliza, "Umemwambia wewe ni wa nani?"

"Kaniuliza. Sikumwambia."

"Vizuri," akasema baba. "Mwache atafute."

Akarudi kwenye shati, akalisugua mara moja, mara mbili, akasimama kupumua. Bi Kifungu alinyoosha mkono kama alivyokuwa akinyoosha kila siku, kwa mazoea tu, akijua atakataliwa. Baba alilishikilia lile shati kidogo. Kisha akaliachia, likabaki mkononi mwa binti yake, linachuruzika, na mzee akajivuta nyuma kwenye benchi akakaa kumtazama akifua.